Ukuta wa Hoteli ya Achola

Bondeni, Nakuru
3 Februari 1957

Kaka Abdirashid,

Asalaam aleikum. Barua yako ilifika Jumatano, nikamsomea Baba akiwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Nilipofika pale unapomtaka afunge kazi aje akae nawe Longonot apumzike, alicheka kidogo, akasema huko hakuna hata duka moja la kuandikiwa kibao, labda auandikie mlima jina lake. Nimekuandikia kama alivyosema.

Kazi ni nyingi. Achola, yule mwenye hoteli ya pembeni karibu na soko, anataka ukuta wake wa nje, ule mrefu unaotazama barabara, uchorwe wote. Si jina tu. Alimwambia Baba aweke chochote apendacho, mradi hata mtu aliyeshiba akipita asimame. Itachukua mwezi mzima, kwa hiyo usimtarajie Baba huko karibuni.

Unauliza kwa nini siku hizi hakuandikii kwa mkono wake. Mikono yake ina rangi kutwa, nawe unajua asivyopenda kuchafua karatasi. Anakusalimu sana. Anauliza kama bado unakohoa na vumbi la huko.

Dada yako,
Kuluthum

*

Stesheni ya Longonot
16 Februari 1957

Mdogo wangu Kuluthum,

Kikohozi kimepoa. Sasa nisikilize.

Jana lori la Kiplangat wa Molo lilikuja hapa kuchukua mizigo iliyoshushwa na treni. Mlangoni limeandikwa "Kiplangat, Viazi na Mboga Safi", na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "Fundi Muhidin, Bondeni". Nililitazama kwa fahari, nikamwonyesha dereva kwamba huyo ni baba yangu. Sikuwa natafuta kosa. Lakini ile g ya "mboga" ilikuwa na mkia uliozunguka ukalala chini ya herufi za mbele yake. Baba hajawahi kuandika g namna hiyo. Zake hukatika kama zimekatwa kwa kisu.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikaitoa, nikaishika kando ya mlango wa lori. Dereva akaniuliza kama nakagua leseni.

Mimi ni karani wa mizigo, dada. Tangu asubuhi mpaka jioni nasoma miandiko ya watu. Ule ni mkono wako.

Siulizi kwa ubaya. Nani anaandika vibao vya Baba, na tangu lini? Na yeye mwenyewe anafanya nini?

Kaka yako,
Abdirashid

*

Bondeni
24 Februari 1957

Kaka,

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Sasa nakwambia.

Baba haoni. Anaona mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu akisimama mbele yake, basi. Ilianza Ramadhani ya mwaka juzi. Alimwandikia kinyozi kibao, herufi zikapandana, ya mwisho ikakosa pa kukaa. Kinyozi akakirudisha. Baba akasema ni uchovu wa saumu. Alipokwenda kuswali adhuhuri nilikifuta kwa mafuta ya taa nikakiandika upya. Kesho yake akanipa brashi ndogo, akaniambia nimshikie. Naishika mpaka leo.

Tunafanya hivi. Yeye anachanganya rangi, anazijua kwa harufu na kwa uzito wa kijiti anapokoroga. Anapima ubao kwa viganja. Tunavuta uzi wenye chokaa, yeye kule mimi huku, tunaupiga, mstari unatokea. Herufi ni zangu. Mimi nipo nyuma ya pazia, na kibao kikikauka kinatoka mlangoni mikononi mwake. Jina ni lake kwa sababu watu wanaleta kazi kwa Fundi Muhidin. Hakuna anayeleta kazi kwa binti yake.

Lakini ukuta wa Achola hauingii nyuma ya pazia. Nilipanda ngazi mchana kweupe, Baba ameishika kwa chini. Siku mbili za kwanza watu walidhani ninapaka rangi ya msingi tu, fundi mwenyewe atakuja kumaliza. Siku ya tatu wakanyamaza. Maalim alipita, akainamisha macho, akamsalimia Baba. Tangu hapo anapita njia nyingine.

Nimechora asubuhi yetu ya hapa. Wanawake kwenye bomba na madebe yao. Watu wa reli wakivuka kwenda zamu. Jelagat, jirani yetu, na gauni lake jeupe la hospitali. Juu, ndege heroe wakitoka ziwani, mstari mrefu wa waridi. Na Wangare na kikapu chake cha viazi vya Dundori. Unamkumbuka, alikuwa akituwekea vile vikubwa. Alipandishwa lori na askari mwaka wa hamsini na tatu, yeye pamoja na wenzake, na pale alipokuwa akikaa sokoni siku hizi wanarundika makreti. Kila nikipita naona makreti. Kwa hiyo nimemrudisha mahali pake.

Bibi mmoja wa Kizungu, anayefundisha wanawake kushona, alisimama pale ukutani muda mrefu. Akasema mwezi wa tatu kutakuwa na maonyesho ya picha na kazi za mikono mjini, nipeleke kitu. Aliniita kwa neno la Kiingereza la mtu wa sanaa. Baba akaniuliza maana yake. Nilijua, lakini sikuweza kulitamka.

Nilikuficha kwa sababu ungekuja na treni ya kwanza ukamchukua. Naogopa hilo hata sasa ninapoandika.

Kuluthum

*

Stesheni ya Longonot
2 Machi 1957

Kuluthum,

Miaka miwili. Nimekuja nyumbani Idi mbili, nimekula naye sinia moja, na nyinyi wawili mkaniacha nidhani anapapasa kikombe kwa sababu ya uzee. Sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mpeleke hospitali. Jelagat atajua daktari wa macho anakuja lini. Hilo si ombi.

La pili ni Wangare. Mfute. Serikali haijaondoa Hali ya Hatari eti kwa sababu wewe unakumbuka viazi. Mtu mmoja tu akiuliza kwa nini umemweka pale, utajibu nini? Na mimi niliye mtumishi wa reli nitajibu nini?

La tatu nalisema kwa upole. Kibao ni kibao. Kinamwambia mtu hapa kuna chai, hapa kuna kinyozi, kazi yake imekwisha. Sanaa ni vitu vilivyo ndani ya fremu katika nyumba za wakubwa, na wenye nyumba hizo hawatakuita uingie. Sitaki ufike kwenye maonyesho yao wakakucheka. Shuka kwenye ngazi. Likizo yangu ni mwezi wa saba, nitakuja tupange mambo ya Baba na yako.

Kaka yako,
Abdirashid

*

Bondeni
31 Machi 1957

Kaka Abdirashid,

Daktari wa macho alimwona Baba tarehe kumi na nne. Kama ungekuwa mtoto wa jicho wangeutoa. Anasema ni mshipa wa ndani, umekwisha kufa, na hata huu mwanga uliobaki utakwenda. Baba alimshukuru kwa Kiingereza. Njiani akaniuliza kama rangi ya bluu imebaki ya kutosha.

Wangare sijamfuta.

Maonyesho nilikwenda. Nilipeleka kibao nilichomchorea Ladan muuza nguo, mwanamke anakunjua leso na leso inajaa upepo. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote za ubao. Bwana aliyekuwa mezani akakigeuza nyuma, akaona mahali pa kutundikia.

"Hiki ni kibao cha duka," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Hapa tunapokea picha."

Nikamuuliza kama hiyo si picha. Akasema ni picha lakini ina jina la duka ndani yake, kwa hiyo ni tangazo, nipeleke meza ya kazi za mikono. Kule nikamkuta bibi mwenye miwani. Alikuwa mpole. Akaniambia wao wanataka vitu vya asili, vibuyu, vikapu, shanga, na hii rangi yangu ni ya kununua dukani. Yule bibi wa ushonaji alikuwapo. Alizungumza nao kando, akarudi uso umemwiva, akaniomba radhi.

Hawakunicheka, kaka. Hilo ulikosea. Walinieleza vizuri sana.

Nilikibeba kibao kichwani kutoka mjini mpaka Bondeni, picha ikitazama juu.

Nilipofika nikamkuta Achola ananingoja na barua. Ofisi ya majengo inasema kuta zote za nje za mtaa huu lazima ziwe nyeupe. Kinachoruhusiwa ni tangazo lenye jina la biashara, tena kwenye ubao. Ukuta wake ni picha, si tangazo, basi upakwe chokaa kabla ya siku ishirini na moja kwisha.

Soma tena, kaka. Kule si picha kwa kuwa ni tangazo. Huku si tangazo kwa kuwa ni picha. Nitakwenda ofisini kuwauliza. Usiniambie nisiende.

Kuluthum

*

Bondeni
18 Aprili 1957

Mwanangu Abdirashid,

Maneno ni yangu, kalamu ni ya Jelagat. Ametoka zamu na bado amekubali kuniandikia, mwombee dua.

Dada yako hajakuandikia kwa sababu hataki kusoma "nilikuambia". Basi nitakueleza mimi.

Tulikwenda ofisini, mimi, yeye na Achola. Tulikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa sita. Mkaguzi alikuwa na karani wa kumtafsiria. Akauliza nani fundi wa ukuta ule. Kwa miaka miwili kila aliyeuliza nimemjibu ni mimi. Nikafungua mdomo kujibu hivyo hivyo, jibu halikutoka. Nilikuwa nimefunga, labda ndiyo sababu. Nikasema, "Mimi ni kipofu, bwana. Aliyechora ni huyu binti yangu, na ni fundi kunishinda."

Sikuwahi kulitamka neno hilo, kipofu. Halikuuma kama nilivyodhani.

Mkaguzi akamuuliza Kuluthum yule mwanamke wa kikapu ni nani. Ndilo ulilokuwa ukiliogopa. Dada yako akamjibu, "Ni mama aliyekuwa akituuzia viazi." Akauliza yuko wapi sasa. Kuluthum akasema, "Mimi sijui, bwana. Labda hapa ofisini mnajua." Nilisikia kalamu ya karani imesimama. Kisha mkaguzi akaendelea na mambo mengine. Amri ikabaki ileile.

Achola alipaka chokaa juzi. Kabla ya kuchovya brashi alikuja kumwomba Kuluthum ruhusa, akampa. Watu walitoka madukani wakasimama. Mimi nilisikiliza brashi ikipita, nikawa najua inapita wapi, kwa sababu ngazi ile niliishika mwezi mzima. Waliponiambia wamefika kwa heroe nilirudi nyumbani. Yeye alibaki mpaka mwisho.

Aliporudi alinawa, akaniuliza ubao wa yadi mbili unataka misumari mingapi. Nikajua hajashindwa. Anataka kuukata ukuta vipande. Kila mwenye duka kwenye barabara yetu atundike kibao chake chenye jina lake, kama wanavyotaka ofisini, lakini ndani ya kila kibao pawe na sehemu ya ile asubuhi. Ukipita barabara yote utakuwa umeiona yote. Amekwenda mlango kwa mlango, wamekubali kumi na moja. Kinachokosekana ni mbao.

Sasa nisikilize na mimi. Unasema kibao ni kibao. Nilisema hivyo miaka thelathini. Lakini nilipokuwa nikiandika "Duka", ile D nilikuwa nikiiweka vizuri kuliko ilivyohitajika. Mwenye duka hakuiagiza. Mteja hakuiona. Kile kilichozidi, ambacho hakuna aliyekiagiza, ndicho kilikuwa changu, na nilikuwa nikikionea haya. Dada yako hakionei haya. Usimfundishe.

Tena ujue, kile kibao cha kinyozi nilijua siku ileile. Rangi ilikuwa mbichi na mimi nilikuwa msikitini.

Baba yako,
Muhidin bin Abdisalam

*

Stesheni ya Longonot
27 Aprili 1957

Kuluthum,

Nilikuwa nimekwisha kuandika "nilikuambia". Bahasha nilikuwa nimeilamba. Barua ya Baba ikaingia na treni ya saa tisa, nikaisoma nikiwa nimesimama, na ile yangu nikaitia kwenye jiko la chai.

Hapa nyuma ya stesheni kuna mbao za behewa la zamani lililovunjwa. Ni ngumu na nyeusi kwa moshi, lakini hazijaoza. Zilikuwa zinangojea kuwa kuni. Nimemwomba bwana stesheni, ameniandikia kibali. Nimezing'oa misumari mwenyewe baada ya kazi, siku nne, na kiganja changu kimechubuka mpaka kalamu inaniuma. Mbao ishirini na sita zinakuja na treni ya mizigo ya Jumanne. Tuma mkokoteni.

Kuhusu sanaa bado sijui. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nikizipiga randa nilikuwa nikiwaza zitakuwa nani.

Mwambie Baba nimemsikia.

Abdirashid

*

Bondeni
16 Juni 1957

Kaka yangu,

Vibao kumi na kimoja viko juu tangu Jumatatu.

Mbao zako zilikunywa rangi kama zina kiu, ilibidi tupake msingi mara tatu. Ule weusi nimeuacha sehemu nyingine, unafaa kwa kivuli. Sikukaa nyuma ya pazia. Nilifanyia kazi mlangoni, na watu waliokuwa wakipita wakaanza kunielekeza, huyu ana kovu, yule debe lake lina mpini wa waya. Mtu aliyeniudhi ni Achola. Alikuja kila siku kuuliza kama mandazi yake hayawezi kuongezwa ukubwa.

Nimeandika jina langu chini ya kila kimoja. Baba ndiye aliyesema. Nilimuuliza kama tuweke yote mawili, akasema lake lina vibao mia mji mzima.

Mkaguzi alikuja Jumatano na daftari. Akaanza juu kwa Achola, "Chai na Mandazi", akaandika. Akaenda kwa Ladan, akaandika. Kila kibao kina jina la biashara, kila kimoja kiko kwenye ubao, hakuna alichoweza kukikataa. Alipofika kwa muuza mboga akamkuta Wangare, kikapu na yote, na juu yake "Viazi vya Dundori Vinapatikana Hapa". Alisimama. Barabara yote ilisimama naye. Muuza mboga akatoka akamwonyesha gunia, kweli ni viazi vya Dundori. Mkaguzi akaandika. Akaenda mpaka mwisho, kisha badala ya kupanda gari lake akarudi kwa miguu akivitazama tena vyote, safari hii daftari likiwa kwapani.

Yule bibi wa ushonaji amekuja na wenzake watatu. Wananitaka nipeleke kimoja kwenye maonyesho ya mwaka ujao, wanasema kanuni wamezibadili. Nimewajibu kwamba vibao vina wenyewe na havitoki barabarani, lakini maonyesho yapo hapa kila siku na mlango hayana.

Likizo yako imekaribia. Sikuogopi tena. Njoo.

Kuluthum

*

Stesheni ya Longonot
14 Julai 1957

Mdogo wangu Kuluthum,

Nimerudi kazini salama. Kuna jambo nilishindwa kulisema nilipokuwa huko, nalisema kwa karatasi.

Ile asubuhi uliyokwenda sokoni, Baba alinishika mkono tukaanza juu kwa Achola. Akataka nimwambie kila kilichomo. Nilianza kama karani, mwanamke mmoja, debe moja. Akanikatiza. Akauliza, "Amechoka au hajachoka?" Nikalazimika kutazama. Kwa kila kibao aliniuliza maswali ya namna hiyo, yule anaangalia wapi, kile kivuli kinaanguka juu ya nani. Tulitumia saa nzima kwa barabara ninayoipita kwa dakika tano. Sijawahi kutazama kitu hivyo maishani mwangu. Watu walituletea chai tukiwa tumesimama.

Tulipofika kibao cha tisa, cha muuza magazeti, nikamwambia kuna watu wa reli wanavuka kwenda zamu. Akauliza wangapi. Sita. Akauliza nyuso zao zikoje. Nikamwambia watano wanacheka. Wa sita ana kanzu chini ya koti la reli na sanduku mkononi, na ametupa mgongo.

Baba hakuuliza zaidi. Mimi ndiye niliyeuliza. Nikasema, "Huyu kwa nini hana uso?" Akanijibu, "Dada yako alimaliza wengine wote, akafika kwa huyu akakaa siku mbili na brashi mkononi. Ulipoondoka alikuwa na miaka kumi na moja. Kila ukija unakaa siku tatu, na siku tatu zote unazungumza na mimi."

Kuluthum, sikasiriki. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Nimekulisha maagizo kwa barua miaka kumi na mbili, hospitali, ngazi, Wangare, na kumbe hujui pua yangu imekaaje.

Nimemwomba bwana stesheni siku nyingine saba kabla ya mwaka kwisha. Nataka kugeuzwa. Sijui kama rangi iliyokauka inakubali.

Kaka yako,
Abdirashid

*

Bondeni
21 Julai 1957

Kaka,

Inakubali. Inapigwa msasa kidogo, inaanza upya.

Njoo siku yoyote, lakini uje ukijua utakaa. Asubuhi, mlangoni pangu, mwanga ukitoka upande wa ziwa, bila gazeti na bila kuniambia la kufanya. Utaruhusiwa kuzungumza. Nitakuuliza mambo mengi, maana siwezi kuchora mtu nisiyemjua, na uso wako nataka niupate sawa.

Muuza magazeti nimekwisha kumwarifu.

Dada yako,
Kuluthum Muhidin